Nilivyoziba oili ya pikipiki ya mume wangu ili akose kisingizio cha kulala Kabuta

Wakuu, wakubwa shikamooni, na wadogo zangu hamjambo.

Kawaida nasoma nyuzi zenu za ufundi na kupita kimya. Leo nimeona mtu analalamika pikipiki yake inavuja oili na kila fundi anamkazia bolti ya chini tu, nikasema ngoja na miye niweke yangu. Sitaongeza chumvi. Wahusika wengine wameshazikwa na kwa uzee huu sina wa kumwogopa.

Kiswahili changu ni cha Katanga, mnivumilie. Nilizaliwa Kilwa. Siyo ile ya pwani ya Tanzania, ni Kilwa ya ng'ambo ya ziwa Mweru, Kongo, na miaka ninayosimulia nchi ilikuwa inaitwa Zaire.

Miaka ya sabini niliolewa Nchelenge, upande wa Zambia. Mume wangu, Chola, alikuwa Mzambia na kazi yake ilikuwa kununua samaki. Jumamosi asubuhi anapanda pikipiki, anafuata barabara ya ziwa mpaka Kabuta, anapatana na wavuvi, jioni anarudi. Samaki wenyewe walibebwa na gari la tajiri wake.

Pikipiki ilikuwa ya Kijapani, ndogo, four stroke. Kwa wakati ule mwenye pikipiki alikuwa mtu.

Basi ikaanza kuvuja. Kidogo tu, kitone hapa, kitone pale. Ikilala uani, asubuhi unakuta doa kwenye mchanga.

Na Chola akaanza kulala njiani.

Anarudi Jumapili wakati watu wanatoka kanisani. Ukimuuliza, "Mama Kabwe, mafuta inamwangika, injini inachemka. Nilingoja ipoe, nikaona jua linazama." Kabwe ni mtoto wetu wa kwanza, na mafuta alimaanisha oili.

Mara ya kwanza nilimwonea huruma. Nikampashia maji ya kuoga, nikampa chakula. Hakula. Alisema ameshiba.

Sasa nyie niambieni, mtu aliyelala porini na pikipiki mbovu ameshiba nini?

Halafu kuna mbu. Mbu wa kando ya Mweru wanapita hata kwenye blanketi. Nilimkagua mgongo wakati anaoga, hana hata alama moja. Mtu alilala ndani ya chandarua huyu.

Wivu wakuu ni ugonjwa. Nilikuwa nasonga ugali huku nawaza amelalia mto gani. Nikisikia pikipiki ya mtu mwingine inapita, natoka kuchungulia. Nilimtengeneza yule mwanamke kichwani mwangu mpaka akawa na sura: binti mdogo, kajipaka poda, anacheka cheka hovyo. Nilimchukia kabla sijajua kama yupo.

Lakini ningeanzaje kuuliza? Oili kweli ilikuwa inavuja. Doa liko pale uani, kila mtu analiona. Nikisema anadanganya, ananionyesha doa.

Nikaamua kwanza doa liondoke.

Niwaambie kitu ambacho Chola hakukitilia maanani. Baba yangu kule Kilwa alikuwa anatengeneza injini za boti, na aliyekuwa anamshikia spana tangu utotoni ni miye. Nilipoolewa nikaacha, maana mwanamke wa nyumba ya watu hachezi na grisi.

Wiki ile Chola alienda msibani Mwansabombwe, akapanda gari na wenzake. Pikipiki ikabaki. Nikajifunga kikwembe changu cha shambani, nikachuchumaa.

Mafundi wa kuotea sikilizeni hapa. Injini yote chini ilikuwa imelowa, na bolti ya kumwagia oili ndiyo iliyokuwa inadondosha. Chola alishaikaza mpaka pembe zake zimelika. Lakini oili haipandi, inashuka. Ukiiona chini, usiamini kwamba imetokea chini. Na pikipiki ikikimbia, upepo nao unaisukuma nyuma.

Nikaosha injini yote kwa petroli na brashi, nikaifuta mpaka ikakauka kabisa. Halafu nikaingia jikoni nikachota unga wa muhogo, nikaupuliza juu ya injini nzima, ikawa nyeupe kama imepakwa chokaa. Nikapiga kiki, nikaiacha iungurume.

Bolti ya chini, nyeupe. Kwenye gia, nyeupe. Nikangoja injini ipate moto sawasawa.

Ndipo nikaona, juu kabisa, kwenye kile kifuniko cha mviringo cha valvu, unga unalowa. Mstari mwembamba kama uzi, unashuka taratibu kufuata ubavu wa injini mpaka kwenye bolti ya chini.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikakaa chini nikalia kidogo, maana nilijua sasa nimebakiwa na swali moja tu.

Injini ilipopoa nikafungua kile kifuniko. Ndani kina pete ya raba, imekauka na kupasuka kama kisigino. Pete mpya Nchelenge nitaitoa wapi? Nikachukua uzi wa pamba wa kushonea nyavu, nikaupaka grisi, nikauzungusha kwenye mfereji wa ile pete, kufuata upande wa kukazia ili usijifungue. Nikafunga kwa mkono, halafu nikaongeza spana kidogo. Nikajaza oili iliyopungua. Nikapuliza unga tena, nikaiungurumisha tena.

Ikabaki nyeupe.

Nikafuta kila kitu. Chola aliporudi alisema, "Umeiosha pikipiki, mama Kabwe, asanti." Nikamjibu karibu.

Jumamosi akaondoka. Jioni hakurudi.

Jumapili asubuhi nilimwona anakuja anaisukuma pikipiki kwa miguu, jasho linamtoka, majirani wanampa pole. Akaiegemeza ukutani.

"Mafuta imeisha yote," akasema. "Leo hii mashini inaniua."

Nilitandua kitambaa cheupe cha mezani, nikapangusa chini ya injini mbele yake, nikapangusa bolti, nikapangusa ubavu. Nikakinyoosha aone. Vumbi tu. Halafu nikapiga kiki. Ikawaka mara moja.

"Niliitengeneza wakati uko musibani," nikamwambia. "Haivuje tena. Sasa uniambie, ni nani?"

Chola alikitazama kile kitambaa. "Bana Mutale," akasema. Kwa Kibemba ni mama Mutale. "Ni mujane wa kule Kabuta."

Sikupiga kelele. Nilisema, "Jumamosi tutaenda wote."

Na tulienda, miye nimekaa nyuma.

Bana Mutale tulimkuta anageuza samaki kwa kijiti kwenye moshi. Wakuu, hakuwa binti. Alikuwa amenizidi umri, mikono imekauka kwa chumvi na moto. Hana poda. Iliniuma zaidi kuliko angekuwa mzuri, kwa sababu kwa mzuri ningeelewa.

Alinitazama, akaitazama pikipiki. "Leo haivuje?" akamuuliza Chola.

Chola akajishughulisha kuiegemeza pikipiki.

Nikamwambia yule mama, "Kwangu alisema analala njiani kwa sababu ya mafuta."

Akaweka kijiti chini. "Na kwangu vilevile. Jumamosi asipolala hapa, anasema mafuta ilimwangika, alirudi Nchelenge mapema. Miye nilimupikia, nikamungojea, chakula ikaharibika." Akamgeukia. "Haukuniambia uko na bibi nyumbani. Ulisema unakaa kwa dada yako."

Kumbe na yeye alikuwa anahesabu visingizio kama miye. Tulimwangalia Chola wote wawili, naye akachuchumaa akajifanya anakagua bolti.

Bana Mutale akaingia ndani, akatoka na shati la Chola limekunjwa, akanipa mkononi.

"Umupeleke," akasema. "Miye sina nguvu ya kungojea mutu."

Shati lile nilikuwa nalitafuta nyumbani siku nyingi. Lilikuwa limechanika begani, na yule mama alikuwa amelitia kiraka. Alishona vizuri wakuu. Kushona kwa mikono, mishono midogo midogo, unatafuta mwisho wa uzi huuoni. Miye sijawahi kushona hivyo.

Chola hakurudi tena kwake, najua, maana tangu siku ile kila Jumamosi nilipanda nyuma, na baadaye nikawa naendesha miye. Tulikaa pamoja mpaka alipofariki. Lakini nilikifumua kile kiraka nikakishona upya, kikatoka kimepinda, na Chola alilivaa hivyo hivyo. Kila alipolivaa niliona mkono wa yule mama.

Funzo langu: kisingizio usibishane nacho. Kitengeneze kiishe, uone kinachobaki. Na kwa mwenye pikipiki inayovuja, osha injini, puliza unga, tafuta juu.

Karibuni mseme. Wanawake hasa nauliza: shati lile mngelichoma, au mngeliacha na kiraka cha yule mama?