Ramani Isiyo na Juu

Juzi, kwenye semina ya kazini kule Mbeya, tuligawanywa vikundi, tukapewa karatasi kubwa na kalamu nene, tukaambiwa tuchore kazi yetu ilivyo kisha tuijadili. Mwenzangu mmoja akanitazama: "Dada, mbona unaizungusha karatasi kama chapati?" Nikacheka. Ningemjibu nini, ndugu yangu, mimi niliyelelewa Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa, na wafinyanzi?

Kwetu akina mama walinakshi chungu huku wanakizungusha, na kuchora kwingine hawakukujua. Nikiwa mtoto, kanisa ndilo lililotuletea mwalimu wa semina, kijana mpole mwenye viatu vya kung'aa vilivyojaa mchanga kabla hajamaliza kusalimia. Aliitwa kwa sababu kikundi cha ufinyanzi cha bibi yangu kilikuwa kinakufa. Bibi na jirani yetu walikuwa hawasalimiani tangu masika, kisa mahali pa kuchomea vyungu, na kila mwanamke alishachagua upande. Vyungu vyetu vilichomwa rundo moja, kwa kuni za wote. Walipogawana moto, kuni hazikutosha upande wowote. Gulio likapita bila chungu, nasi tukala ndizi kwa chumvi huku tukinusa samaki mbasa wa kuchoma wa watu wengine. Niliwachukia wote wawili kwa njaa ile.

Mwalimu akawaomba wachore kijiji pamoja, kila mmoja na nyumba yake, halafu wazungumze. Wakaketi mkekani kuizunguka karatasi. Aliyemaliza kuchora aliisukuma igeuke kwa mwenzake, kama chungu. Ilipofika zamu yake, bibi alichora moto wa vyungu pale alipopataka, kisha akaiongezea nyumba ya jirani banda la kuku, na banda likaizidi nyumba kwa ukubwa.

Balaa lilianza mwalimu alipotaka kuibandika ukutani. Juu ni wapi? Kila mama alisema juu ni kwake. Nyumba ya jirani iliposimama, ya bibi ilining'inia kichwa chini.

"Mwanangu, unanimwagia ugali jikoni!" bibi aling'aka.

Mwalimu akaigeuza. Jirani naye akapiga kelele kwamba kuku wake wanaanguka. Kijana wa watu aligeuza hadi jasho likamtoka, kisha akairudisha mkekani na kuwasihi waizunguke wao wenyewe.

Bibi akajikongoja akinung'unika mpaka upande wa jirani. Akainama, akatazama. Kutoka pale, moto aliouchora mwenyewe ulikuwa mlangoni pa mwenzake, na upepo wa ziwa ulijulikana unakotoka.

"Kumbe moshi wangu unaingia kwako?"

"Ulidhani nakohoa kwa raha?"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Bibi hakuomba radhi, hakuzaliwa na kipaji hicho. Alisema tu, "Ugonile, mwenzangu," salamu aliyokuwa ameificha tangu masika. Jirani akacheka mpaka machozi, na sijui yalikuwa machozi gani. Wiki ile wakachoma vyungu pamoja, mbali na milango.

Usidhani waliacha kugombana. Waligombania chumvi, kuku, hata nani anaharibu kwaya, ila sasa waligombana wameketi jiko moja, wakila sahani moja. Siku hizi pale walipochomea pana nyumba ya wageni, na ile karatasi iliisha kwa mchwa. Wazee wangu wale wamelala makaburini. Nikijaribu kumkumbuka bibi peke yake, nashindwa. Kila mara jirani anakuja naye, wakibishana.