Vikombe vya Huwaida

Bi Khole alimnunia fundi wake kabla hajamwona. Kwenye simu Huwaida, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu, alimwambia, "Nitakuja na vikombe yangu, khalti," na bibi wa watu akakata simu akinung'unika. Tangu lini mgeni wa mtaa wa Aija akabeba vikombe vyake, kama kwamba kwake kahawa hainyweki?

Huwaida akavuka daraja hivyo hivyo na sanduku lake. Ni binti wa mji wa Sur, Oman, miaka ishirini na sita. Kazi yake kufunga vitasa katika nyumba ambazo wanawake wako peke yao mchana na hawataki fundi mwanamume. Mjini wanamjua. Aija, ng'ambo ya daraja, bado, na huko neno la Bi Khole ndilo mlango wa nyumba zote.

"Shikamoo, khalti."

"Marahaba. Haya, viko wapi hivyo vikombe?"

Huwaida akafungua sanduku. Vikombe vya chuma, vimepangwa kwa ukubwa, kila kimoja kina meno mdomoni kama msumeno. Bi Khole akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe vikombe vya keekee, vya kutobolea mbao! Nami nimenuna tangu asubuhi!"

"Vikombe yangu hii, khalti..."

"Vikombe vyangu hivi," akamsahihisha Bi Khole.

"Vikombe vyangu hivi."

Mlango ulikuwa wa mbao ya msaji, kazi ya mikono ya marehemu mumewe. Kitasa kipya kilitaka tundu la milimita hamsini na nne. Huwaida akapeleka mkono kwenye kikombe cha kipimo hicho.

"Inchi mbili," akasema Bi Khole. "Marehemu hakupima ila kwa inchi, na vitasa vyote ni inchi mbili."

Huwaida alijua sivyo. Lakini mtu mzima kasema, tena kwake. Akachukua cha inchi mbili, akakipachika kwenye keekee yake. Akatoboa upande mmoja. Ncha ndefu ya katikati ya kikombe ilipochungulia nyuma, akazunguka akamalizia huko, msaji usije ukapasuka. Tundu likatoka safi.

Kitasa hakikuingia. Kimekwama kwa milimita tatu tu.

Akitia kikombe kikubwa, ncha itashika wapi, na katikati pana hewa tupu? Kitatangatanga, kiutafune mlango wa marehemu, na Aija ndiyo kwaheri.

Mara akakiona kile kipande cha msaji, kimenasa ndani ya kikombe. Akabonyeza kidude cha keekee, kikombe kikachomoka bila spana. Akakitoa kipande, akakizungushia utepe kikabana, akakirudisha tunduni. Ncha ikapata pa kushika. Akapachika cha hamsini na nne, tak! Akaenda polepole, anapumua kwa pua.

Pete nyembamba ya mbao ikaanguka sakafuni. Kitasa kikaingia.

Bi Khole akakizungusha mara tatu. "Si nilikwambia, inchi mbili na kidogo?"

"Ulisema, khalti."

"Muongo mkubwa wewe!" Akamimina kahawa, akachukua simu, akampigia jirani yake.

"Alyaa, fundi nimempata. Atakuja kwako na vikombe vyake. Usinune, nimeshanuna kwa niaba yetu sote."