Rangi Zinazotaka Umbali

Tangu mama avunjike nyonga, mimi sitoki. Niliacha kazi ya ualimu, nikahamia chumbani kwake, hapa nyumbani kwetu, kitongoji cha pwani cha Hail, godoro langu kando ya kitanda chake. Bahari iko mtaa wa pili tu, lakini dirisha letu linatazama ukuta wa jirani. Nikisikia mawimbi alfajiri, hushikwa na hasira, kama mtu anayeitwa naye hana ruhusa ya kuitika.

Nilipokuwa nasoma uchoraji, niliwapenda wale Wafaransa wa zamani waliobeba rangi zao wakaenda kuichora bahari pale pale ufukweni, mbio mbio, kabla mwanga haujageuka. Hawakulainisha kitu. Waliweka buluu, kando yake rangi ya chungwa, kila mguso wa brashi wakauacha uonekane, na kivuli kwao hakikuwa cheusi bali zambarau. Nikajaribu vivyo hivyo chumbani, kwa kumbukumbu, nimeukabili ukuta. Maji yangu yakatoka yamelala kama zulia.

Ijumaa moja alikuja kaka yangu kutoka Mabela, anakokaa. Akaniambia, "Nenda zako, dada. Leo nakaa naye mie."

Nikabeba rangi zangu na kitambaa cha kuchorea, nikakimbia. Pwani kulikuwa na joto la kunata, jua limeyavunja maji vipande vipande, kijani, waridi, fedha, na mkono wangu ukafunguka. Niligusa, nikaacha, nikagusa tena. Nusu ya kitambaa bado ilikuwa tupu simu ilipolia.

"Hataki kula mkononi mwangu," kaka alisema. "Analia, anakutaka wewe."

Nikarudi na picha mbichi, machozi yakinitoka kwa uchungu. Baada ya kumlisha mama, nilimshikia picha mbele ya uso.

"Nini hii?"

"Bahari, mama."

"Mbona imekatika-katika?"

"Ukirudi nyuma inaungana."

"Nirudi nyuma wapi, mwanangu? Mie nnalala hapa hapa tu."

Kumbe tulikuwa wawili tuliofungwa mle ndani. Nikaibeba picha hadi ukumbini, mlango wazi, nikainyanyua. Akakaza macho.

"Eeh," akasema. "Sasa maji yanakwenda."

Akaniomba nisiondoke. Nikasimama pale mpaka mabega yakauma, yeye akitazama maji, mimi nikimtazama yeye juu ya ukingo wa kitambaa. Kisha akataka kugeuzwa ubavu. Nikaiegemeza picha ukutani, nikaingia kumgeuza.