Ulimi Wangu na Zabibu za Mdogo Wangu

Mwaka ule nilipougua mafua makali, homa ilipoondoka iliondoka na harufu zote. Asubuhi moja nilikunywa kahawa, nikahisi maji ya moto tu. Nilidhani ni jambo la siku chache. Miezi ikapita.

Kwa mtu mwingine huenda ni jambo dogo. Mimi ni mpishi. Nina malewa yangu, mkahawa mdogo, hapa Kasongo, kwenye njia ya pikipiki zinazokwenda Kabambare na Salamabila, na wachuuzi hushuka kula wali na sombe, yaani majani ya muhogo, kabla ya kuendelea na safari. Sasa sombe ikawa inaungua nami nimesimama palepale. Siku moja nilitia chunguni samaki walioharibika. Shangazi yangu, ninayeishi naye, aliwanusa kutoka uani, akaja mbio akaepua chungu. Wateja hawakulalamika. Walikwenda kula kwingine.

Ndipo mdogo wangu akaja kututembelea kutoka Ulaya. Huko anafanya kazi katika mashamba ya zabibu, kupogoa matawi wakati wa baridi na kuvuna joto likiisha. Alileta chupa tatu za divai, kazizungushia suruali zake zisivunjike. Jumapili baada ya misa tulikaa uani, yeye, mimi na shangazi, ambaye ni Mwislamu na alikuwa na chai yake ya tangawizi.

"Yaya," mdogo wangu akaniambia, kwani ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "hii yote ni divai, lakini kila chupa iko na zabibu yake."

"Najua. Nyekundu na nyeupe."

Akacheka. "Na muhogo je? Uko muhogo mumoja tu?"

Shangazi akadakia. "Mumoja wapi! Iko muchungu, iko mutamu, iko ule wa sombe laini, iko ule haufai kitu isipokuwa unga."

"Basi na zabibu ni vile vile, shangazi."

Akamimina ya kwanza, nyeupe, ya zabibu iitwayo muskati. Alisema inanukia maua. Sikusikia maua yoyote. Nikaisukuma glasi, machozi yakinilenga.

"Usipoteze kitu chako kizuri bure," nikamwambia. "Mimi siko nasikia kitu."

"Harufu uiache. Niambie mudomo wako unafanya nini."

Nikanywa tena, polepole. Utamu ulikaa kwenye ncha ya ulimi, ukachelewa kuondoka. Ya pili, nyeupe pia, ilinijaza mate kana kwamba nimelamba ndimu. Ya tatu ilikuwa nyekundu, nayo ikanikausha ulimi kama ndizi mbichi. Nilikunja uso, shangazi akacheka hadi chai ikamwagika.

"Na hii nayo ni zabibu?" nikauliza.

"Zabibu."

Nilimfikiria mtu wa zamani, shambani kwake, aliyeonja tunda la mzabibu mmoja akaona halifanani na la jirani yake, akakata kijiti akakipanda kando, kama mama zetu wanavyobeba vijiti vya muhogo waupendao wanapohamia shamba jipya. Nilifikiria pia jinsi nilivyokuwa nimeuzika mdomo wangu ungali hai.

Kesho yake nilianza kupika kwa namna nyingine. Niliyasikiliza mafuta ya ngazi, yaani mawese, yakibadilisha sauti kwenye sufuria. Nilionja chumvi, uchungu wa majani yasiyoiva, uzito wa karanga ulimini. Kunusa samaki na moshi nilimwachia shangazi, na hakuchoka kuitwa.

Mdogo wangu alisharudi kazini kwake nilipoanza kusikia harufu. Vitunguu ndivyo vilivyotangulia, kisha mafuta ya taa, kisha vumbi la mpunga kwenye mashine ya kukoboa. Nyingine hazijarudi, na sijui kama zitarudi. Lakini wachuuzi wanashuka tena mlangoni kwangu, na juzi mmoja wao aliuliza ni nani amebadilisha sombe yangu ikawa tamu hivi. Nilimwambia ni ileile, nikamwongezea wali.