Babu na Dari la Nyumba Mpya

Juzi fundi mmoja Mganda alikuja kwangu hapa ughaibuni, Abu Hamour, kutafuta mahali AC ilipokuwa ikivuja. Akachukua mpini wa fagio, akaanza kugonga dari, ko, ko, ko, huku ametega sikio. "Usijali dada, nasikiliza tu palipolowa," akasema. Machozi yalikuwa yananilengalenga, naye maskini akadhani nalilia dari.

Nilimkumbuka babu yangu mzaa baba. Ujana wake wote uliishia kwenye migodi ya makaa ya mawe Afrika Kusini, akarudi Tukuyu na kikohozi pamoja na tabia moja: haingii nyumba ngeni mpaka agonge dari kwa fimbo. "Kaeni nje kwanza," alikuwa akituambia, nasi wajukuu tunabanana mlangoni, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Baba, ambaye alikuwa mwalimu, alipomaliza kujenga nyumba Mbeya mjini aliwaalika walimu wenzake. Babu akawasimamisha wageni wote uani, suti zao na tai zao, akaingia peke yake kugonga chumba hadi chumba. Pilau ilikuwa inapoa. Baba alivumilia weee, mwishowe uzalendo ukamshinda, akampokonya fimbo mbele za watu.

"Baba, unanitia aibu. Hapa si mgodini!"

Mzee hakugusa chakula. Kesho yake alirudi Tukuyu, na nyumba ile hakuikanyaga tena mpaka alipofariki.

Fundi alipoondoka nilimpigia simu shangazi, dada yake Baba, nikamuuliza ile tabia ilitoka wapi. Alishangaa kwamba hatukujua; yeye alisimuliwa na Babu mwenyewe, akadhani Baba naye alisimuliwa. Mgodini, kila baruti ilipolipuliwa, mtu mweusi ndiye aliyetangulizwa kugonga mwamba wa juu kwa chuma. Mwamba ukitoa mlio mkali, ni salama. Ukilia kama debe tupu, unakimbia, kama utawahi. Bosi mzungu alisubiri nyuma, kisha ndiye aliyesaini kwamba pako salama, na mshahara mnono ulikuwa wake.

"Mdogo wake Babu alitangulizwa hivyo, mwamba ukamfunika," shangazi aliniambia. "Tangu siku hiyo mzee hakukubali mtu wake yeyote aingie mahali kabla yake."

Imeniuma sana. Baba amekufa bila kulijua hilo. Aliona haya mbele ya walimu wenzake, kumbe mzee wake alikuwa anamkagulia nyumba asije akafia humo.