Uzi wa Buluu Katika Maji ya Dukani

Kati ya vijana wote wa mtaa wetu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ni mimi peke yangu niliyekwenda Afrika Kusini, nikalaza vigae mchana na kusoma jioni, nikarudi na diploma ya maabara. Hakuna mjomba aliyenilipia.

Nikiwa huko, mtoto wetu wa kwanza alikufa kwa kuhara. Alikuwa akinywa maji ya pampu ya kambi, yaliyochemshwa siku ambazo mke wangu alipata kuni. Basi niliporudi na kupata kazi katika maabara moja Lilongwe, na mke wangu akashika mimba tena, niliapa kwamba huyu hataguswa na maji yale hata akiwa tumboni.

Kila Jumamosi nilinunua katoni za maji ya chupa pale soko la Tsoka, Lilongwe. Kabaza, baiskeli ya kukodi, ilizifikisha kutoka kituo cha basi hadi mlangoni, nami nikazipanga barazani, juani, mahali kila mpita njia angeziona.

"Ee, bwana diploma!" jirani yetu, mama wa Kirundi, aliita. "Maji yetu iko na meno?"

"Iko na minyoo, mama. We endelea tu kunywa."

"Basi bibi yako atazaa muzungu!"

Mtaa mzima ulicheka. Mimi nilicheka zaidi yao wote.

Siku moja kazini walikuwa wakizungumza juu ya chembe za plastiki katika maji ya chupa. Sikutaka kuambiwa na mtu. Nilichukua chupa kutoka barazani kwangu, nikaenda nayo kazini, nikayachuja maji yake kwenye karatasi nyeupe na kuitazama kwa darubini. Niliona uzi wa buluu, na vipande vingine vyembamba kama magamba ya dagaa. Nilivigusa kwa sindano ya moto, vikajikunja na kuyeyuka: plastiki. Nikaosha vyombo upya, nikarudia na chupa nyingine; ikawa yale yale. Mimi sikosei kazi yangu, na siku ile niliomba niwe nimekosea.

Kesho yake nilipima maji ya pampu. Baada ya siku moja yalikuwa yameotesha vijidudu sahani nzima ya maabara.

Jioni hiyo nilifika nyumbani, nikamwambia mke wangu yote. Alikuwa mwezi wa saba, miguu imevimba, joto la Oktoba limemchosha.

"Hiyo plastiki inauaka mutoto?"

"Sijui."

"We mwenye diploma haujue?"

"Hata walionifundisha hawajui bado."

"Sasa nikunywe ya pampu?"

"Hapana!" Nilipaza sauti hadi akashtuka.

"Tuchemshe, basi."

Nilitazama bidoni letu la njano tunalohifadhia maji, limechubuka ndani kwa miaka ya kusuguliwa kwa mchanga. Nikatazama ndoo, kata na kikombe. Vyote vilikuwa vya plastiki. Na kuni, hakuna.

"Papa, niko na kiu," mke wangu alisema taratibu, mkono tumboni. "Mi na huyu. Uniambie ya kunywa."

Miaka yote ile nilisoma ili siku akiniuliza jambo kama hilo, niwe na jibu. Nilisimama mbele yake na koti langu la kazi mkononi. Akafungua chupa mwenyewe, akanywa kikombe kizima bila kuniondolea macho.

Akaomba kingine. Nikammiminia.