Debe la Kwanza Barazani kwa Jumbe

Likizo ile nilirudi kutoka chuo kikuu Uganda na kitabu nilichokuwa nimekisoma mpaka jalada likang'oka. Kilikuwa riwaya ya dhihaka. Jumbe mmoja, mkuu wa kijiji, ananunua koki ya maji, anaisimika juu ya nguzo katikati ya kijiji bila bomba lolote chini yake, kisha kila mwaka anaizindua upya kwa ngoma na hotuba, na watu wanapiga makofi. Mpaka ukurasa wa mwisho haidondoki hata tone. Niliposikia kwamba watu wa sinema wa Serikali wameigeuza hadithi hiyo kuwa filamu, na kwamba gari lao liko njiani kuja Masasi, sikulala vizuri kwa hamu.

Giza lilipoingia tulijaa kiwanja cha misheni, kitambaa cheupe kikiwa kimetandazwa kati ya miti miwili. Tulicheka. Jumbe wa filamu alikuwa na tumbo na kofia kama nilivyomwona kichwani mwangu. Lakini mwishoni likatokea lori limebeba mabomba, mafundi wakachimba, koki ikafunguliwa, maji yakaruka mpaka kwenye kofia ya jumbe. Mwisho. Taa zikawaka.

"Wamekiua kitabu!" mwalimu aliyenifundisha darasa la nne alipiga kelele. "Mwandishi aliwacheka, wao wamemfanya awashukuru!"

"Mwalimu, ulitaka watu wafe kwa kiu ili wewe ufurahi?" karani wa bomani alimjibu. "Mimi nimeipenda. Hadithi lazima iishe."

"Wewe utaipenda tu. Mshahara wako unatoka kwenye koki hiyo hiyo!"

Watu wakaangua kicheko, karani naye akacheka. Walibishana njia nzima, na mimi nikawa upande wa mwalimu, nikisema zaidi yake. Nani aliwapa ruhusa? Kwa nini wameogopa koki kavu? Kesho yake niliposikia gari linapanda Newala, nilimwomba dereva anipakie nyuma, pamoja na mashine ya umeme. Nilitaka kuona watu wa juu mlimani watasema nini.

Nilikuwa na sababu nyingine pia. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliishi Mkunya, karibu na Newala, peke yake tangu mumewe afariki. Goti lake lilikuwa limekataa kazi. Juu kule maji yanafuatwa bondeni, unashuka mteremko mrefu na kuupanda tena na debe kichwani, na yeye alikuwa akiishi kwa maji ya kugawiwa na majirani. Mwanawe alikuwa amemwagizia kutoka Chiwata kwamba korosho zikimalizika kuokotwa atakuja kumchukua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko Uganda hawali?" Kisha, kabla sijakaa: "Umesikia nahamishwa? Nikakae kwa mkwe, nikimwomba hata chumvi. Na mikorosho yangu nimwachie nani?"

Nilimsimulia kitabu kizima. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Huyo jumbe namjua," alisema. Nikamwonya kwamba mwisho wa filamu ni uongo, asije akaufurahia. Akanitazama. "Acha niuone kwanza."

Jioni gari la sinema lilisimama pale Mkunya, nasi tulikwenda pole pole, ameshika mkono wangu. Jumbe wa pale, jumbe wa kweli, alikuwa amekaa mbele kwenye kiti. Koki kavu ilipozinduliwa kwa mara ya tatu watu walikuwa wakimtupia macho na kufinyana, naye akijifanya haoni. Kisha maji yakaruka. Masasi, wenye visima, walikuwa wamepiga makofi. Hapa vigelegele vikapasuka upande wa wanawake.

"Uongo!" vijana walizomea. "Hayo maji ya Lindi, walikopigia picha!"

"Ya Lindi, ya wapi, yametoka!" mwanamke mmoja akawajibu. "Nyie mmewahi kushuka bondeni, au mnajua kunywa tu?"

Nilikuwa nahema kwa furaha ya kuusikia ubishi huo. Jumbe alisimama kuishukuru Serikali kwa kutuonyesha maendeleo. Hapo mkono wa mama mkubwa ukaniachia.

"Jumbe, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Maji tumeyaona. Mstari unaanzia wapi?"

"Mama, hii ni sinema."

"Si umetuita wewe tuje tuone maji? Mstari unaanzia wapi?"

Watu walicheka, na jumbe, akitaka kucheka nao, akasema, "Haya, uanzie hata barazani kwangu!"

Kule bondeni, chemchemi inapochuruzika kidogo kidogo, anayefika anaweka chombo chake nyuma ya kilichotangulia, kisha anatafuta kivuli. Chombo ndicho kinachoshika zamu yake. Kukisogeza cha mwenzio ni ugomvi wa kupelekwa kwa wazee, na jumbe mwenyewe alikuwa ameshatoza watu faini kwa kosa hilo.

Asubuhi madebe, mitungi na vibuyu vilianzia kwenye kizingiti cha baraza yake vikashuka mpaka barabarani. La kwanza lilikuwa debe la mama mkubwa, lenye mpini wa mti. Nilicheka nikakaa chini. Watu wa sinema walikuwa wameing'oa dhihaka yote kitabuni, na wanawake wa Mkunya wameirudisha bila kusoma hata ukurasa. Jumbe alitoka, akavitazama, akainua mguu kuvisukuma, akaushusha. Kisha alitoa baiskeli yake kwa mlango wa nyuma, akaenda bomani Newala kumweleza Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.

Nilikuwa bado nipo yule mwana wa mama mkubwa alipofika kutoka Chiwata. Mama mkubwa hakuwa amefunga hata mkeka.

"Mama, twende."

"Nitaondokaje? Debe langu ndilo la kwanza."

"Na wakikaa miaka bila kuleta bomba?"

"Kila wakipita watalikuta pale."

Mwanawe alinigeukia mimi, msomi, nimsaidie. Nikamwambia akaone mwenyewe. Alikwenda barazani, akasimama mbele ya ule mstari muda mrefu, akaanza kutikisika mabega. Aliporudi alikuwa bado anacheka. Alichukua debe la pili la mama yake, akalifunga nyuma ya baiskeli, akauliza njia ya kushukia bondeni.

"Ulizaliwa hapa," mama mkubwa alimwambia, "na njia ya maji huijui!"